Kuzama usiku Mikindani kipindi hiki cha kusi, kuna aliyewahi? Chini kuna nini haswa?

Mwana_wa_Newala

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisikilize kidogo maana huku nyumbani sina wa kumuuliza, kila nikiuliza naangaliwa kama nimevuta kitu.

Mimi asili ni Newala, nimekulia kwenye mikorosho huko juu, bahari nimeiona kwa mara ya kwanza tumeletwa Mtwara kwenye michezo ya shule za msingi. Kuogelea nimejifunza ukubwani pale Shangani huku watoto wa darasa la pili wakinicheka. Baadae kuna jamaa akanipeleka kwa watu wanaofundisha kuzama na mitungi, nikasoma nikapata cheti, mpaka leo nimeshazama mara 17 na zote ni mchana, jua liko juu, nikiangalia juu naona tumbo la boti natulia moyo.

Sasa mwongozaji wetu kasema mwezi huu wa saba anataka watu watatu tuzame usiku ndani ya ghuba ya Mikindani. Mbele za watu nilisema ndiyo tena kwa sauti, kufika nyumbani usingizi umekata. Mke wangu ni mtu wa Msanga Mkuu, mama mkwe aliposikia akauliza swali moja tu, baharini usiku wanaenda wenye kazi ya usiku, wewe unafuata nini? Aisee sikuwa na jibu, nikajifanya naangalia simu.

Kwahiyo nauliza. Kusi hili maji si yatakuwa ya baridi sana usiku? Na kule chini usiku unakutana na nani, maana mchana nawajua, changu, tasi, mkunga anachungulia kwenye jiwe, lakini nasikia usiku wanabadilishana zamu wanatoka wengine kabisa. Papa je? Na tochi ikizima unafanyaje, unapiga kelele nani akusikie?

Kingine kinachoniumiza, nina binamu yangu yuko Glasgow huko Uskoti, ananitumia video anazama usiku mwezi wa kumi na mbili kwenye ghuba zao zile ndefu za milimani, mtu kavaa kama anaenda mwezini, halafu ananiandikia kwamba mimi naogopa maji ya kuoshea vyombo. Nataka siku moja nimnyamazishe.

Naomba kuwasilisha.

---

Chumvi_Nyingi

Mkuu una mkopo sehemu? Maana hii ni njia ya mtu anayekimbia madeni hahaha. Mimi usiku hata choo cha nje naamsha mtu anisindikize, wewe unaenda kuwaamsha mikunga.

---

Mzee wa Dau

Kijana wangu, mimi ni mtu wa Mikindani, nimevua dagaa kwa karabai miaka mingi kabla hizi taa za sola hazijaja na sasa natengeneza vyombo tu maana mgongo umekataa. Mitungi sijawahi kuvaa, lakini nimezama kifua kitupu usiku zaidi ya mara moja kukwamua nanga na kukwamua nyavu, kwahiyo nitakwambia ninachokijua na wengine wataongeza.

La kwanza uliza siku. Usikubali kupelekwa siku za bamvua. Mwezi ukiwa mchanga kabisa au umejaa, maji ya huku yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 na yote hayo yanaingia na kutoka kwenye mlango wa ghuba, ukiwa karibu na mlango maji yanatoka unakwenda nayo, na mchana watu watakuona unavyokwenda, usiku hawakuoni. Tafuta maji mafu, zile siku mwezi umekatika nusu, halafu mshuke maji yakiwa yamejaa yamesimama, hapo hayaendi hayarudi na ndio yanakuwa safi maana ni maji ya nje yameingia. Yakianza kupwa yanakokota tope lote la mikokoni.

Kusi lisikutishe kwa kule ndani. Nje ya mlango mwezi wa saba bahari ni mbaya kweli, lakini ghuba imejifunga, na upepo mara nyingi usiku unalegea. Ukitaka bahari laini kabisa subiri maleleji, kusi limeondoka na kaskazi halijaingia, hapo hata nje inalala.

La pili ndilo naliogopa kwa ajili yenu. Usiku juu yenu kuna watu. Kuna mitumbwi haina hata kibatari, kuna boti za mashine zinakimbilia dagaa, na kuna majarife yametegwa toka jioni. Wavu usiku huuoni mpaka umekushika. Kila mtu awe na kisu, na huyo mwongozaji wenu apite kwa watu wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia ufukwe, na kwa manahodha mchana aseme leo tutakuwa sehemu fulani, boti yenu ibaki juu na taa imewashwa na mtu ndani yake, sio mnafunga nanga wote mnashuka. Nimeshaona watu wanafanya hivyo.

Tatu, tochi. Sisi karabai tulikuwa tunaiwasha tunasubiri. Kwanza vinakuja vidudu, halafu dagaa, halafu ngisi wanakuja kula dagaa, halafu wakubwa wanakuja kula ngisi. Sasa wewe ukikaa sehemu moja na tochi yako ujue umewasha karabai chini ya maji, na wewe upo katikati ya mezani. Tembea.

Na mama mkwe wako hajakosea kuuliza. Sisi kabla ya kushusha wavu tunasoma dua, mpaka leo, haina gharama.

---

Mwana_wa_Newala

Shikamoo mzee wangu. Hilo la majarife hakuna aliyenitajia, na nilishalipa nusu. Kesho namuuliza mwongozaji mambo ya BMU, akibabaika narudisha hela yangu.

---

Binti_Naumbu

Kaka nimezaliwa Naumbu na nimesomea viumbe wa baharini, usiku nimezama Mikindani na Msimbati mara za kutosha, ngoja nikuondolee hofu halafu nikuwekee nyingine mpya.

Baridi. Maji ya huku mwezi wa saba na wa nane yanashuka kwenye nyuzi 25 hivi, mwezi wa tatu yanafika 29 mpaka 30. Nyuzi 25 ukiosha uso unaona raha, lakini ukikaa humo dakika 45 hujachakarika sana, na usiku mtu anatembea polepole, meno yanagonga. Vaa suti ya mpira ya milimita 5 sio ile fupi ya mchana, na ukitoka upepo wa kusi ukikupiga umelowa kwenye boti ndio utajua, chukua koti na chai ya tangawizi kwenye chupa.

Sasa wanyama. Umesikia wazee wakisema mtu kalala usingizi wa pono? Nenda usiku kaone walioanzisha huo msemo walikuwa wanajua wanachosema. Pono mchana hakamatiki, usiku unamkuta amejibana kwenye tundu la tumbawe kalala fofofo, macho wazi maana samaki hana kope, unamsogelea mpaka unahesabu magamba. Na baadhi yao wanajitengenezea chandarua, kweli kabisa, anatoa ute mdomoni na kwenye matamvua unamzunguka mwili mzima kama mfuko wa nailoni mwembamba, analala ndani yake, asubuhi anatoka. Wataalamu walipojaribu kuwaondolea huo mfuko wakakuta wanashambuliwa zaidi na vidudu vinyonya damu, kupe wa baharini tuseme, kwahiyo ni chandarua kweli sio lugha ya picha. Tafadhali usimguse, ukimwamsha anatoka mbio gizani anajigonga kwenye mawe.

Tasi naye usiku anabadili nguo, anatoka yale madoa ya kahawia na meusi, unaweza kumpita ukadhani ni mwani. Matumbawe yenyewe ambayo mchana unayaona kama mawe tu, usiku yanafungua mikono yao midogo yanakula, ukuta mzima unakuwa kama zulia lenye manyoya. Ukimulika tundu ukaona vinukta vyekundu viwili viwili vinawaka usikimbie, ni macho ya kamba. Dome nao usiku wanakuja kwenye mwanga wanakutazama kama wanakudai.

Pweza hapa watu wengi wanakosea. Yule pweza wetu mkubwa tunayemchokoa maji yakipwa ni mtu wa mchana, anawinda mchana hasa asubuhi na jioni, usiku amelala tunduni kwake. Ukikutana na pweza usiku anatembea tembea wazi huyo ni jamaa mwingine, mdogo, mikono mirefu. Ukimwona mwambie mama mkwe ndio yule mwenye kazi ya usiku.

Na omba umuone yule konokono asiye na gamba mwekundu mkubwa kama kiganja chenye vidole vyote, mchana anajificha, usiku anatoka, na akiamua kuogelea anajipepea mwili mzima kama khanga kwenye upepo wa barazani. Mayai yake anayataga kama utepe mwekundu uliokunjwa ua waridi. Mimi nilimwona mara ya kwanza nikasahau kuangalia geji ya hewa, mwenzangu akanigonga begani.

Haya hofu mpya. Papa sio shida, humo ndani ya ghuba ukimwona una bahati, walishavuliwa sana. Shida ni vya kukanyaga na kushika. Kuna yule samaki anayefanana na jiwe, na usiku kila kitu kinafanana na jiwe. Kuna ngogo wa milia wanatembea kundi kama mpira, miiba yao ina sumu. Kuna kome wale wazuri wenye umbo la koni, usiku wanawinda, wana mshale wenye sumu na kuna aina moja inaua mtu kabisa, usiokote. Kuna wale viumbe wa duara wa miiba mirefu myeusi, usiku wanatoka mapangoni wanajaa kama soko la Ijumaa. Na yule samaki wa mabawa ya miiba, yeye amejifunza kwamba tochi ya mzamiaji inamuonyesha chakula, atakufuata ubavuni kama mbwa wa jirani, unamulika kisamaki anakimeza, kwahiyo kabla ya kugeuka angalia kwanza pembeni. Ukichomwa na huyo au na yule wa jiwe, loweka sehemu kwenye maji ya moto kadri unavyovumilia bila kuungua, ile sumu inavunjwa na joto, halafu hospitali hapo hapo, usisubiri asubuhi.

Ukikuta kasa amelala chini ya jabali usimmulike usoni. Anaweza kukaa chini masaa amepumzika, ukimshtua anapaa juu anajigonga, au wewe unamzibia na mwili wako njia ya kupanda kupumua. Mulika pembeni tu, mwanga wa pembeni unatosha.

Na jambo la mwisho kaka kwa sababu umesema wewe ni mtu wa Newala. Ukishatoka majini usiwashe pikipiki usiku ule ule ukapanda kwenu. Newala iko juu kwenye ukingo wa uwanda, mamia ya mita kutoka usawa wa bahari, na mwili bado una gesi ya naitrojeni uliyoivuta kule chini, ukipanda juu haraka ni kama kufungua soda iliyotikiswa. Vivyo hivyo ndege ya Dar ya asubuhi, usipande. Lala Mtwara, kula ming'oko, nenda kesho yake jioni.

---

Chumvi_Nyingi

Dada hapo kwa pono kalala unahesabu magamba ndio nimeamka mimi. Sasa si mtu abebe mshale tu, dakika kumi kapu limejaa? Na kamba koche nao nasikia usiku wanatoka wenyewe.

---

Binti_Naumbu

Ndio maana sheria haitaki. Kuvua ukiwa na mtungi mgongoni ni marufuku, bunduki ya mishale marufuku. Samaki aliyelala huyo, hamna uvuvi hapo ni sawa na kuingia bweni. Na pono ndiye anayekwangua mwani usiyafunike matumbawe, ukimmaliza na mwamba unakufa pole pole, halafu hao changu unaowapenda wewe wanahama. Mtwara tulishapigwa na baruti vya kutosha, kuna miamba mpaka leo ni kokoto tupu.

---

Mzee wa Dau

Amesema kweli binti. Mimi baruti nimezisikia zinapiga mpaka maji yanagonga ubao wa dau. Chumvi, njoo nikupe mshipi ukavue kama mwanaume.

---

Mmakonde_wa_Clyde

Hahahaha binamu. Umenianzishia uzi bila hata kunitaja jina, nimetumiwa link na dada yako. Ndio mimi huyo wa maji ya kuoshea vyombo.

Haya sasa kwa kuwa nimeshaletwa mbele ya watu nitasema ukweli ambao kwenye video huuoni. Mara yangu ya kwanza kuzama usiku kwenye Loch Long nilikaa chini dakika nne, nne binamu, nikamuonyesha mwenzangu dole juu kwamba twende juu, nikasingizia sikio. Sikio lilikuwa zima kabisa.

Hizi loch za baharini kwa wasiozijua ni mabonde yaliyochimbwa na barafu zamani sana halafu bahari ikaingia, kwahiyo unakuta maji ya chumvi yanapita katikati ya milima kwa kilometa nyingi, marefu membamba na kina kikubwa, na mara nyingi mlangoni kuna kizingiti chini ya maji. Ukiangalia sana sio mbali na Mikindani yetu kwa tabia, mlango mdogo ndani kumejifunga, ila hapa badala ya minazi kuna kondoo wanakuangalia unavaa.

Faida ya winta ni mbili. Moja jua linazama kabla ya saa kumi jioni mwezi wa kumi na mbili, kwahiyo unazama usiku halafu saa moja uko nyumbani unakula, haina haja ya kukesha. Mbili, vile vidudu vya kijani vinavyochafua maji wakati wa joto vinakuwa vimeisha, maji yanasafika. Lakini mvua ikinyesha mlimani, na hapa inanyesha, maji baridi ya mito yanatanda juu ya maji ya chumvi, yana rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya udongo wa huko juu, unashuka mita moja mbili kwenye chai, kila kitu kinacheza cheza mbele ya macho kama umepaka mafuta kwenye miwani, halafu ghafla unatoka chini yake kwenye maji meusi safi. Tochi inakata kama kisu. Hiyo sehemu ya kutoka kwenye chai kuingia kwenye weusi ndio ilinitoa dakika ya nne.

Baridi sasa. Ukubwa wa baridi ya maji hapa sio Desemba, ni Februari na Machi, yanashuka mpaka nyuzi 7 au chini kidogo. Suti yangu haiingizi maji, ndani navaa nguo nzito kama blanketi, glavu, kofia, uso tu ndio uko nje na midomo inakufa ganzi mpaka huwezi kuongea ukitoka. Na regyuleta, kile kifaa cha kupumulia mdomoni, lazima kiwe cha maji ya baridi, la sivyo kinaweza kuganda kikaanza kumwaga hewa chenyewe mtungi ukaisha unaangalia.

Wanyama wa huku hawana rangi za kwetu, nasema bila ubinamu, lakini wana ukimya fulani. Sakafu ni tope, kwenye tope kuna matundu, kwenye matundu wanatoka kamba wa rangi ya chungwa wenye mikono mirefu myembamba wanasimama mlangoni kwao kama walinzi wa benki, ukisogea wanarudi kinyumenyume. Kuna viumbe wamesimama kwenye tope kama manyoya ya kuandikia ya zamani, ukiwagusa wanawaka taa. Kuna papa wadogo wa madoa hawazidi urefu wa mkono na bega, usiku wanazunguka chini wanatafuta chakula, wanakupa mgongo. Mikunga yao ni mikubwa kweli, wanakaa kwenye mabaki ya vyombo vilivyozama.

Na kuna sili, yule mnyama wa baharini mwenye manyoya. Hapa ndio nataka ufike binamu. Tulikuwa watatu, giza, mimi nyuma kabisa, nikahisi mtu ananivuta pezi, nikajua ni mwenzangu nimempita, nageuka na tochi naona uso wa duara, macho makubwa meusi, masharubu, sentimita thelathini kutoka miwani yangu. Nilipiga kelele ndani ya regyuleta mpaka watu wa mbele wakageuka. Yeye hata hakushtuka, akageuka mgongo chini akaendelea na safari zake gizani bila tochi, ndani ya maji ya nyuzi 8, kama mtu aliyepita sebuleni kwake akakuta wageni.

Sasa swali lako la tochi ikizima. Unakuwa nazo mbili, ya akiba imefungwa mwilini sio mfukoni, na taa ndogo ya kumeta kwenye mtungi. Ikizima washa ya pili, zikizima zote shika mkono wa mwenzako pandeni polepole. Ila nakwambia hivi, kabla hujarudi juu siku hiyo, mkubaliane wote mzibe tochi kifuani dakika mbili. Usiniulize kwa nini, ziba tu halafu punga mkono.

---

Mwana_wa_Newala

Sikio lilikuwa zima kabisa. Nimechapisha hiyo sentensi naibandika ukutani.

---

Binti_Naumbu

Nami nilisahau hilo la kuziba tochi. Na kwa kuwa ni mwezi wa saba, mkishaziba msitumie macho tu, tumieni na masikio. Nyangumi wenye nundu wanapanda kutoka baridi ya kusini kuja kuzaa na kutafuta wenza kwenye maji yetu ya joto, kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi na moja wanapita nje hapo, Msimbati watu wanawaona wakiwa ufukweni. Madume wanaimba, na sauti yao chini ya maji inakwenda kilometa nyingi. Mimi nimewasikia Msimbati usiku, ni kama mtu anasukuma mlango mkubwa wa mbao mahali ambapo hakuna nyumba. Ndani ya ghuba ya Mikindani sikuahidi, lakini wewe shika pumzi sekunde moja moja, mapovu yanaficha kila kitu. Usishike muda mrefu na usipande ukiwa umeishika.

---

Mwana_wa_Newala (wiki mbili baadae)

Wakuu nimerudi na mimi mzima.

Kwanza mwongozaji nilimbana. BMU alikuwa hajaenda, akaenda. Siku alikuwa ameweka ya mwezi mpevu ati tupate mbalamwezi, nikamwambia kuna mzee kasema maji mafu, akacheka kidogo halafu akafungua karatasi yake ya maji akanyamaza, tukasogeza wiki moja. Mzee wangu asante sana.

Tulishuka saa mbili na nusu usiku maji yamesimama. Baridi ya kwenye boti ilikuwa mbaya kuliko ya majini. Dakika tano za kwanza sikuona mnyama yoyote kwa sababu nilikuwa naangalia kitu kimoja tu, mkono wa mwongozaji, nadhani hata kama nyangumi angepita ningemuuliza atupishe. Halafu akamulika tundu na pono huyo hapo. Amelala. Na ana ule mfuko! Dada Binti ningekuwa sijasoma ulichoandika ningesema amevishwa mfuko wa nailoni uliotupwa ferry. Kwenye mfuko kulikuwa na vumbi vumbi limetua juu yake, kama chandarua cha geto. Nilikaa hapo mpaka nikavutwa.

Yule wa mabawa ya miiba alitufuata kweli, tena wawili. Kila nikimulika kisamaki kinatoweka. Nikaanza kujisikia vibaya nikawa namulika mawe tu, wakanisusa wakahamia kwa mwenzangu. Konokono mwekundu hatukumpata. Kasa tulimpata mmoja chini ya jabali amelala, mwongozaji akatugeuza mbali.

Tochi yangu kubwa ilizima dakika ya 20, sio hadithi, ilizima. Betri nilichajia kwenye umeme wa siku ile unaokatika katika. Nikakuta ya akiba mkononi hata sikumbuki nimeitoa saa ngapi, kumbe mkono ulikuwa umeshasoma huu uzi kabla ya kichwa.

Halafu tukaziba.

Binamu, nimekusamehe. Nilidhani litakuwa giza. Nikapunga mkono na mkono wangu ukatoka cheche, kila kidole kina mkia wake wa vumbi la kijani, nikapiga pezi naona mguu wangu mzima umechorwa. Mwenzangu alikuwa mita tatu, simwoni yeye naona anavyotikisa maji. Samaki akapita mbali naona mstari tu umechorwa ukafutika. Mzee wa Dau najua wewe hii unaijua toka zamani ukiwa juu, maji yanavyowaka wavu ukivutwa, lakini mzee kuwa ndani yake ni kitu kingine.

Na nilisikia kitu. Hapa naomba mnisaidie maana mwongozaji amekataa, anasema ni mashine ya boti mlangoni. Kilikuwa chini sana, kama mtu anaguna chumba cha pili, kinapanda, kinakatika, kimya, halafu kinarudi kirefu zaidi. Mwenzangu anasema hakusikia chochote ila na yeye alikuwa anacheza na vidole vyake.

---

Mzee wa Dau

Mashine haipandi ikakatika ikanyamaza ikarudi. Mashine ikinyamaza mtu anatukana.

---

Binti_Naumbu

Sitaki kukupa moyo bure, lakini hilo jibu la mzee ni la kitaalamu kabisa. Mwezi wa tisa njoo Msimbati twende ukasikilize vizuri, kibali cha kuingia hifadhi unalipia, kule ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma toka mwaka 2000, usije kutorokea mlango wa nyuma.

---

Mmakonde_wa_Clyde

Binamu mimi miaka sita huku sijasikia hata nyangumi wa kukohoa. Haya umeninyamazisha.

---

Chumvi_Nyingi

Mama mkwe kasemaje?

---

Mwana_wa_Newala

Nilifika saa tano usiku nimelowa natetemeka, alikuwa hajalala. Akanipa uji. Nikamweleza yote, pono, moto wa majini, sauti, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akauliza, na kitoweo kiko wapi?

Nimemwambia mwezi wa tisa naenda tena. Kasema niende na ndoo.